Mgomba wa Kimo cha Ernesti

Mabawa, Tanga
15 Januari 2023

Mdogo wangu Anastazia,

Pokea salamu za mwaka mpya kutoka kwa kaka yako kiziwi. Usishangae kupata karatasi zama hizi ambazo hata mchunga mbuzi ana simu. Mwanangu Kristina hunipigia kelele sikioni mpaka mishipa ya shingo inamtoka, nami naona mdomo tu unavyocheza. Ile korona, mashine ya kuchakata mkonge, niliyosimama mbele yake nikiilisha majani ujana wangu wote ilichukua masikio yote mawili, haikuniachia hata moja la akiba. Macho ninayo na kalamu ninayo, basi tuandikiane kama zamani.

Huku tu wazima. Nina kikohozi kidogo, cha vumbi la mkonge, hakina maana.

Nina ombi, na ulisome ukiwa umekaa.

Wiki iliyopita alifariki jirani yetu Kombo, mume wa Mwatumu, hapa hapa ukuta kwa ukuta. Alikata roho alfajiri, na baada ya sala ya adhuhuri tulikuwa tumeshamfukia. Jeneza lilikuwa la msikiti, likampeleka likarudi. Nilipomshika Mwatumu mkono wa pole akanisogelea ili nisome midomo yake, akasema, "Mzee Ernesti, maiti haulizwi, maiti huharakishwa." Jioni ile alikuwa amekaa eda ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hakuna hata sufuria iliyouzwa. Mimi nikakaa barazani nikamfikiria Alexander.

Wewe ulituona siku tulipomfikisha kaka yetu hapo Kasulu. Hukuona tulivyoondoka huku. Ukoo ulisema mtoto wa nyumbani hazikwi pwani, nami nikaitikia kama kasuku. Kristina akauza vyerehani vyake vyote viwili pale Usagara ili tukodi gari. Gari likatufia Singida, barafu ikayeyuka, na tulipofika nikakataza jeneza lisifunguliwe. Ulinilalia miguuni uuone uso wake, nikakusukuma. Sasa unajua kwa nini. Tangu hapo Kristina anakaanga maandazi, na binti yake Queen ameacha chuo cha uuguzi. Msiba ule ulimzika Alexander siku moja, sisi unatuzika mpaka leo.

Mimi nikifa, chama chetu cha kufa na kuzikana hapa mtaani kina jeneza na kina vijana wa kuchimba. Parokia itanipa kipande cha ardhi. Tatizo ni ukoo. Mzee Ntahondi kama mkubwa wa ukoo atampigia Kristina simu siku ile ile, atamwambia mlete baba yako, na Kristina hana ubavu wa kumkatalia. Hana kingine cha kuuza ila nyumba hii.

Kwa hiyo nataka unizike sasa. Unaijua desturi ya kwetu. Babu alipofia vitani na mwili usirudi, bibi alikata mgomba wa kimo chake, akaufunga katika nguo yake pamoja na nywele alizonyolewa kabla ya kuondoka, ukazikwa, watu wakalia, yakaisha. Aliyekwisha kuzikwa hadaiwi tena na mtu. Ndani ya kifurushi hiki kuna nywele zangu, kucha, na shati lililokula jasho langu. Kimo changu unakijua. Nimepungua kidogo kwa uzee, usiukate mrefu mno.

Kristina hajui neno hili.

Ndimi kaka yako,
Ernesti

—

Kasulu
9 Februari 2023

Kaka yangu Ernesti, shikamoo.

Nimepokea kifurushi. Nilikifungua mbele ya wajukuu nikidhani umeniletea kanga za Tanga, nywele zikanimwagikia mapajani. Watoto wamekimbia, na mimi nimelia. Hivi, kaka, uziwi umepanda mpaka kwenye akili?

Huo ni uchuro. Mgomba huzikwa kwa aliyekufa asionekane. Wewe unaonekana, unakula ugali, unatuma nywele kwa posta! Nikamwambie nini Mzee Ntahondi? Nikisema namzika kaka yangu aliye hai atasema ninakuua, na ukoo mzima utaitikia.

Tena umejitia kusahau nusu ya desturi. Aliyezikwa kwa mgomba hakanyagi tena ua wa nyumbani, hata akitokea na afya yake. Anayemfungulia mlango humfuata kaburini. Unamkumbuka yule Petro wa ng'ambo ya mto, aliyerudi kutoka machimboni akakuta wameshamlilia? Alisimama nje ya ua, mama yake akasimama ndani, wakatazamana. Kisha akaondoka na njaa yake. Unataka mimi niwe yule mama?

Tangu lori la manamba likuchukue kwenda mashamba ya mkonge ukiwa kijana wa miaka kumi na saba unasema utarudi kukaa. Kila Krismasi unarudi kukaa. Kitanda chako kipo, na godoro nimelianika wiki hii. Njoo. Ya mazishi mwachie Mungu.

Ni mimi mdogo wako,
Anastazia

—

Mabawa, Tanga
2 Machi 2023

Anastazia,

Umenitukana vizuri, nimecheka. Sasa nisikilize, maana sitacheka tena katika barua hii.

Nusu ile ya desturi sikuisahau. Nimelala nayo na kuamka nayo. Nilitaka kurudi, nasema wazi kwa kuwa naongea na wewe. Nilitaka nije niote moto wako, nisikie harufu ya migomba baada ya mvua, nizikwe chini ya mama. Hakuna siku katika miaka yote hii ya pwani niliyoamka bila kuwaza hayo.

Utasema nije sasa, nifie hapo. Kifo hakitoi miadi, mdogo wangu. Nikija mapema, Kristina na Queen watabaki peke yao, na mume wa Kristina unajua alivyowakimbia. Nikichelewa siku moja tu, ni lile gari la Singida tena. Nimepima huku na huku. Kati ya mimi kuiona nyumbani na Kristina kubaki na paa juu ya kichwa, nimechagua paa.

Ukikataa sitakulaumu. Lakini jua kwamba siku hiyo mtaletewa jeneza jingine lisilofunguliwa, na mwanangu atalala nje kwa ajili yake.

Nizike, Anastazia. Wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwomba.

Kaka yako,
Ernesti

—

Kasulu
30 Machi 2023

Kaka yangu Ernesti, shikamoo.

Limekwisha. Nilikata mgomba Jumamosi, wa kimo chako, nikautoa shubiri kwa ajili ya uzee kama ulivyosema. Niliufunga katika shati lako na nywele na kucha. Wazee walikuja, Mzee Ntahondi akasema maneno, tukalia.

Umeshazikwa. Hakuna atakayemdai Kristina.

Usinitake niandike zaidi. Na usije tena nyumbani, kaka yangu.

Anastazia

—

Mabawa, Tanga
21 Mei 2023

Mdogo wangu mpenzi,

Marehemu anakusalimu.

Tangu barua yako ifike nimelala usingizi wa mtoto. Nilikuwa sijui kuwa hofu ina uzito mpaka iliponitoka. Nakula, nakunywa kahawa na wazee wenzangu, wakinitania kuwa nimeota shavu. Nawajibu kimoyomoyo kwamba mfu hana la kumkondesha. Mwatumu ananishangaa. Yeye ametoka eda juzi tu na bado anasikitika, mimi niliyezikwa nacheka!

Siku moja tu ndiyo ilinishinda. Kabla ya Pasaka Kristina aliniletea tiketi mbili za basi la Kigoma. Alikuwa akidunduliza miezi kwa siri ili anilete nyumbani niwaone. Alinikabidhi huku anatabasamu, na mimi nikasema magoti yananiuma. Akasema atanibeba. Mdomo ulinishinda, ikabidi nimwandikie kwenye karatasi yale yote, kwamba nimeshazikwa, na kwamba nikivuka ua wako nitakuua wewe na wajukuu. Alisoma, akaenda kurudisha tiketi. Mimi nikajifungia chooni nikalia, Anastazia, nikalia kwa sauti, maana mtu asiyesikia hajui sauti yake inafika wapi. Mtaa mzima ulisikia.

Kikohozi kimekaza. Kristina amenipeleka hospitali, wakapiga picha ya kifua, kisha wakamweleza yeye badala ya mimi. Mficha maradhi, kilio humuumbua, lakini safari hii wanaonificha ni wao.

Hebu niambie kuhusu kaburi langu. Mmeniweka upande gani? Niko karibu na mama au mmenisogeza kwa Alexander? Nyasi zimeota? Niandikie vizuri, nipaone. Ndiyo safari iliyobaki.

Kaka yako,
Ernesti

—

Kasulu
8 Juni 2023

Mwanangu Kristina,

Barua hii ni yako peke yako. Sikupigi simu kwa sababu simu yangu husikilizwa na nyumba nzima.

Sikumzika baba yako.

Mgomba niliukata, hilo ni kweli. Niliulaza uani nikauvisha shati lake, nikafunga vifungo. Kimo kile kile, mwanangu, na bega moja limeshuka kama lake. Nilichukua jembe nikasimama pale mpaka jua likageuka. Kila nikiinua jembe namwona mtu amelala. Mwisho nililivua shati, ule mgomba nikawakatia ng'ombe, nikaingia ndani na kumwandikia kuwa limekwisha. Mzee Ntahondi hajui lolote. Hakuna mzee hata mmoja aliyekuja.

Nilidhani uongo wangu utampa usingizi na hautamnyima kitu. Yale ya kwamba asije tena nyumbani niliyaandika ili aniamini, nikijiambia hatayashika, siku akija kunitembelea nitamweleza mlangoni, anipige, tucheke. Sasa ameniandikia habari ya tiketi za Pasaka. Yuko hapo anajizuia kuja kwangu kwa sababu ya kaburi ambalo halipo!

Mwambie, Kristina. Mwandikie kwenye karatasi zako kwamba shangazi yako ni mwongo. Kisha mlete angali anapumua. Akifia hapa mikononi mwangu hakuna gari la kukodi, hakuna wa kukudai, na yeye atakuwa amefika. Mlete haraka.

Shangazi yako,
Anastazia

—

Mabawa, Tanga
25 Juni 2023

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeisomea jikoni, mafuta ya maandazi yakaungua. Nimekaa siku kadhaa nisijibu kwa sababu kila neno lililonijia lilikuwa tusi, na wewe ni shangazi yangu.

Nitasema mara moja kisha nisirudie. Pasaka alikuwa anatembea mwenyewe mpaka sokoni. Tiketi nilikuwa nazo mkononi. Angefika, angekaa kwako, angelala kwenye hicho kitanda. Ulimpenda ukashindwa kumzika, sawa, na kwa upendo huo huo ukamfungia mlango.

Sasa hawezi. Daktari anasema mapafu yamekakamaa kwa lile vumbi, na safari ya siku mbili ataimaliza maiti. Anapumulia mtungi wa oksijeni tuliokodi, analala amekaa, nimemwegemeza mito. Nikimpandisha basi atanifia njiani, tutashushwa porini, na hapo ndipo nitakapokodi gari. Unaona tulipofika.

Nilijaribu kumwambia. Mimi na baba tunaongea kwa daftari, mimi naandika yeye anajibu kwa mdomo. Niliandika, "Shangazi hakukuzika," nikalishika mkononi nisimpe. Alikuwa amelala kidogo. Alipoamka akaniuliza kama posta wameleta barua ya kaburi lake. Anauliza kila asubuhi. Anamwambia hata Mama Mwatumu anapopitisha uji dirishani, kwamba dada yake anamwandikia kaburi lilivyo. Nikaichana ile karatasi. Nimwambie aliacha kwenda nyumbani bure? Nimwambie kuwa Mzee Ntahondi atanipigia simu siku ile ile? Afe na hayo?

Nakuomba jambo moja tu, Shangazi. Mwandikie kaburi.

Kristina

—

Kasulu
7 Julai 2023

Kaka yangu Ernesti, shikamoo.

Umeuliza habari za kaburi lako, nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa nashindwa kwenda kulitazama. Leo nimekwenda.

Uko nyuma ya nyumba, unaposhukia kisimani, upande wa kushoto. Mama yuko juu yako kidogo na Alexander yuko ng'ambo ya njia, kwa hiyo mtasikizana. Tumekulaza kichwa kimetazama mlimani. Udongo ni ule mwekundu uliokuwa ukitushika miguuni mama akitufokea tusiingie nao ndani. Mvua za Aprili ziliutitisha, nikaongeza juu, sasa umekaa sawa. Nyasi zimeota pembeni tu. Katikati hazijaota kwa sababu kuku wa Blessing, mjukuu wangu wa mwisho, wamepafanya pa kuogea vumbi. Nikiwafukuza wanarudi.

Sikuweka saruji, ulikuwa hupendi vitu vya kujionyesha. Nimezungushia mawe ya mtoni. Nilipokuwa nayapanga alipita Bertha, yule binti wa mwalimu uliyekuwa ukimwimbia njiani ukapigwa na kaka zake. Ni bibi sasa, hana meno. Akauliza nafanya nini, nikasema nampangia kaka yangu mawe. Akaniokotea mawili.

Asubuhi ukungu unashuka mpaka hapo, ukiondoka unaona bonde lote. Hukai peke yako. Nikienda kuchota maji lazima nipite, na nikipita nakusalimu.

Lala, kaka yangu. Umefika nyumbani.

Mdogo wako,
Anastazia

—

Mabawa, Tanga
20 Agosti 2023

Shangazi, shikamoo.

Najua habari umeshazipata. Baba alituacha Jumamosi tarehe tano, saa ya chai ya asubuhi. Hakuhangaika. Barua yako ilikuwa chini ya mto. Alikuwa akiisoma mpaka karatasi ikaachana kwenye mikunjo, na siku alizokuwa hawezi kushika alinionyesha kwa kidole nimshikie. Pale penye kuku alikuwa anacheka, kisha kucheka kunageuka kikohozi. Niliomba msamaha moyoni kwa ukali wangu, na sasa nakuomba kwa kalamu. Ulifanya vizuri kumwandikia.

Nataka nikueleze siku ile ilivyokwenda, maana kuna jambo silielewi.

Hata hatujamwosha, Mzee Ntahondi alipiga simu. Sijui nani alimwambia. Hakunipa pole. Alisema, "Kristina, gari litoke leo, tunachimba." Nikamweleza kuwa baba mwenyewe alitaka alazwe huku, akasema maiti hana matakwa, maiti ana ukoo, na nikimzika pwani nisijiite tena mtoto wao, wala Queen asije kulilia fungu lolote hapo. Nikamwambia nitaangalia. Nilikwisha kumwita dalali, Shangazi. Alikuja na viatu vyake vyeupe akapima vyumba kwa hatua huku baba amelala chumba cha mbele. Mama Mwatumu alitaka kumtoa kwa mwiko.

Saa za magharibi simu ikaita tena. Alikuwa yeye, na sauti si ile ya asubuhi. Alisema, "Mzikeni huko huko. Msituletee." Nikauliza kwa nini, akakata.

Basi tukamzika Jumapili. Chama cha kufa na kuzikana walileta jeneza, vijana wakachimba bila kulipwa, padri akaja, kina mama wa Kiislamu wa mtaa wakapika pilau nje ya ukuta wetu kwa kuni zao. Sikuuza kitu. Jumatatu niliamka nikakaanga maandazi kama kawaida, nikashangaa kwamba inawezekana.

Queen amepata barua ya kurudi chuoni mwezi wa kumi.

Nimejaribu kukupigia tangu siku ile, simu yako haipatikani. Niambie uliwaambia nini wazee. Nadhani uliwapigia magoti, nao Mungu akawalainisha. Kama ndivyo, niwaandikie barua ya shukrani, nataka Mzee Ntahondi ajue kwamba sitamsahau kwa huruma ile.

Mwanao,
Kristina

—

Kasulu, kwa masista wa parokia
12 Septemba 2023

Mwanangu Kristina,

Marahaba, na pole kwa msiba. Barua yako imenifikia kwa mkono wa katekista. Usitumie tena anwani ya nyumbani, sipo huko.

Usimwandikie Mzee Ntahondi shukrani. Nitakueleza, nawe uniahidi kutulia.

Asubuhi ile habari ilipofika aliwaita wazee uani kwake, na sisi wanawake tukakaa pembeni. Walikuwa wameshagawana kazi, nani achimbe, nani alete pombe. Nilimsikia akicheka na mwenzake kuwa binti ana nyumba ya matofali mjini, ataweza. Hapo nikasimama. Nikasema hakuna cha kuchimba, Ernesti nimeshamzika tangu Machi, kwa mgomba, na nywele na kucha zake.

Mzee Ntahondi akaniuliza, "Machi alikuwa hai?" Nikasema alikuwa hai.

Walitaka kuona. Nikawapeleka njia ya kisimani. Lile kaburi nililomwandikia baba yako lipo, Kristina. Siku niliyomwandikia nilianza kwa kulitengeneza, nikalundika udongo, nikapanga mawe, Bertha akaniokotea mawili kweli, kwa sababu sikuweza kumdanganya mara ya pili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chini yake hapakuwa na kitu. Wazee wakasimama wakalitazama, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Mtu hazikwi mara mbili katika ua mmoja, kaburi la pili hudai mtu mwingine. Ndiyo maana ulipigiwa simu jioni ile. Hiyo si huruma, mwanangu, ni woga.

Yaliyofuata utayaelewa. Wanasema kaka yangu aliugua kifua kwa sababu mimi nilimfukia. Wanahesabu, nilizika Machi, Mei kikohozi kikakaza, Agosti amekufa. Mashahidi wamejaa. Bertha amesema aliniona nikipanga mawe mtu akiwa hai, na ni kweli aliniona. Mkwe wangu alikuja kuwachukua wajukuu, Blessing akaing'ang'ania kanga yangu, akabanduliwa vidole kimoja kimoja. Chakula cha sufuria yangu hakiliwi. Siku ya tatu nilikuta mlango umepakwa majivu, na jirani wa miaka yote akaniambia nikae mbali kabla vijana hawajanywa. Unajua vizee wenye jina la uchawi kama langu huishia wapi. Masista wamenipa kitanda, nawachambulia maharage.

Wanaume wa ukoo wangeweza kuambiwa kwamba aliniomba mwenyewe. Barua zake nilikuwa nazo. Lakini katika mfuko ule ule ilikuwamo na yako ya Juni, inayosema sikumzika, na nikianza kuonyesha karatasi watataka kuziona zote. Kwa hiyo nilizichoma zote. Kabla sijaondoka nilikwenda alfajiri nikafukia shati na nywele na kucha chini ya yale mawe, nikamlilia peke yangu, kwa kuwa sasa ilikuwa halali.

Najua unachotaka kufanya. Unataka kupanda basi uje useme mbele yao kwamba shangazi yako hakumzika mtu, kwamba alishindwa kuinua jembe. Usije. Siku utakayosema hivyo watanirudishia heshima yangu na watakuja kumfukua baba yako, na gari utalilipa wewe. Mimi ni mzee, jina hili sitalibeba muda mrefu.

Simamia shule ya Queen. Ukipata, nunua cherehani.

Na mtu yeyote wa kwetu akikuuliza, huko Tanga au popote, mwambie kwamba Shangazi Anastazia alimzika kaka yake akiwa hai. Mwambie hivyo hivyo, usiongeze neno.

Shangazi yako,
Anastazia